Yeye umpendaye hawezi

Habari za siku nyingi jamani. Najua nimekuwa kimya muda mrefu na leo ntasema kwa nini, ila hasa nataka kumwongelea dada yangu. Jina simtaji, akijua nimemuandika atanisema mpaka dakika ziishe.

Mi nauza viazi. Au tuseme nlikuwa nauza, nikaacha, sasa hivi narudi kidogo kidogo. Nachukua kwa wakulima kule Isongole kwenye baridi yenyewe, tunafunga lumbesa, yale magunia ya kujaza kupitiliza, tunapakia kwenye Fuso mzigo unaenda Dar. Mwaka juzi mwezi wa saba nikatuma mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kutuma, magunia 90, zaidi ya nusu mali kauli, yaani wakulima wamenipa viazi vyao kwa mdomo tu wanasubiri nikiuza niwalipe. Mtu niliyefanya naye kazi miaka minne akapokea, akauza, akazima simu. Hiyo stori naiishia hapo maana hata kuiandika tumbo linasokota.

Kilichofuata ndo hasa. Sikuacha kumwamini Mungu, hapana, ila nlishindwa kuomba. Napiga magoti, nasema "Baba", basi, maneno yameisha, nakaa pale mpaka magoti yanauma nanyanyuka. Jumapili mke wangu anatoka na watoto mi nasema kichwa kinauma. Mzee mmoja wa kanisa alikuja akanisomea Ayubu, akanywa chai, akaondoka, namheshimu sana ila siku ile Ayubu hakunisaidia kitu, nlikuwa nahesabu tu Ayubu alirudishiwa ngamia wangapi.

Sasa dada. Ananizidi miaka nane, na mama alikuwa anashinda kwenye chai kuchuma, kwa hiyo aliyenilea ni yeye. Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ya kanisa siyo kanisa, ni mgongo wake. Mvua ya Tukuyu wanaoijua wanaijua, haina adabu wala msimu. Nimefungwa kwenye kitenge, tope linamfika kwenye vifundo, viatu kavishika mkononi visichafuke, na huku anahema ananifundisha wimbo wa sandeskuli. Sauti yake nlikuwa naisikia kwenye shavu kwanza, mgongo unatetemeka, ndo baadaye inafika masikioni.

Basi siku moja asubuhi nasikia hodi. Kapanda Kosta ya kwanza kutoka Tukuyu, kashuka Uyole, ana mkungu wa ndizi na ndoo ya maparachichi. "Ugonile." Nikaitikia. Hakuuliza chochote, akaingia jikoni, akamenya ndizi, akapika, tukala. Alivyomaliza kunawa ndo akasema, "Mdogo wangu, nimesikia huombi siku hizi."

Nikaanza kujitetea.

"Sijakuuliza sababu. Kuanzia kesho ntaomba mimi, we kazi yako amina tu. Amina unaiweza?"

Nikasema hiyo naiweza.

Toka siku hiyo simu inaita saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Julai pale Uyole mkono hautaki kabisa kutoka kwenye blanketi, ila usipopokea anapiga tena. Kwanza ananisomea andiko la siku kwenye kile kitabu kidogo ambacho Wamoravian wanakitoa kila mwaka tangu 1731, kilianzia huko Herrnhut, Ujerumani (sisi ukoo wetu ni Moravian, wamisionari walifika Rungwe 1891 na kwetu hilo jambo halina mjadala). Halafu anaomba, anaanza na Kiswahili, akikolea anahamia Kinyakyusa, Kyala (yaani Mungu) hiki, Kyala kile, na anamtajia Mungu madeni yangu mkulima kwa mkulima, jina na kiasi, kama anasoma daftari la duka. Mara nyingi dakika zinakata katikati. Basi namtumia meseji, "Amina". Nikiangalia meseji zangu za miezi ile kwa dada ni amina, amina, amina, na moja imeandikwa "amini" maana vidole vilikuwa vimeganda.

Kuna watu niliwahadithia hili wakaniambia imani ya kubebwa siyo imani, kila mtu na msalaba wake. Sijui. Mi nawauliza wasome Yohana 11. Lazaro anaumwa Bethania, na sura nzima ile hasemi neno hata moja, hakuna sehemu Lazaro kaomba. Wanaotuma ujumbe ni dada zake, Biblia yetu ya zamani inawaita maumbu, na ujumbe wenyewe, ukitoa "Bwana" la mwanzo, ni maneno matatu: "yeye umpendaye hawezi". Hawezi pale maana yake anaumwa, ndo Kiswahili cha zamani, ila mi nlivyokuwa nasoma usiku ule niliisoma kama tunavyosema leo, hawezi, ameshindwa, nikalia. Na hawakusema huyu anayekupenda, walisema unayempenda. Mapenzi ya Lazaro mwenyewe kwa Yesu hata hayakuwekwa kwenye hesabu. Na wale wanne waliotoboa paa kwenye Marko 2, imeandikwa Yesu alipoiona imani YAO, siyo ya mgonjwa peke yake.

Lakini msidhani dada yangu malaika. Ana mdomo huyo, mambo yangu nusu ya Tukuyu wanayajua kupitia yeye, na aliwahi kuninunia miezi mitano kisa sikula kwenye msiba wa mama mkwe wake. Ila mwezi wa tisa alikopa laki nne kwenye kikoba chao bila kuniambia akawalipa wakulima wawili waliokuwa na hali mbaya kuliko wote, nikaja kujua kwa wakulima wenyewe.

Mwaka huu mwezi wa tatu ikawa zamu yake. Uvimbe, operesheni, akaletwa hospitali hapa Mbeya. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, akanigeukia akasema, "Leo sina maneno, omba wewe."

Jamani. Toka ule mzigo upotee sikuwahi kuomba kwa sauti mbele ya mtu. Nikaanza, nikakwama, nikaanza tena. Nikaona bora nifanye kama yeye, nimsomee Mungu daftari. Nikataja uvimbe, nikataja daktari, manesi wa zamu, shemeji, watoto wake mmoja mmoja, mkopo wa kikoba ambao bado unadaiwa. Nikanyamaza. Kimya. Nikadhani amelala.

"Umesahau ng'ombe."

Ng'ombe wake alikuwa anakaribia kuzaa, na kamuacha na jirani asiyemwamini. Nikafumba macho tena nikamuombea ng'ombe, mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka kwa chini.

"Amina," dada akasema, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Alizaa ndama jike. Na simu bado inaita saa kumi na moja.