Shaibu na pa kuota jua: joto la kinyonga kwenye baridi ya Minnesota

Leo asubuhi nje ni minus 24 za Selsiasi, vioo vya dirisha vimeota barafu pembeni, na saa moja na nusu kamili taa ya kinyonga wangu Shaibu ikajiwasha yenyewe kama kila siku. Nikavuta kiti nikakaa na chai yangu kumwangalia. Akatoka kwenye majani alikolala, rangi imemkolea kijani kizito kinakaribia kahawia, akapanda mguu kwa mguu mpaka tawi la juu, akageuza ubavu kwenye taa afu akajibana akawa bapa kama jani la mkungu ili joto limpige sehemu kubwa. Nusu saa hivi rangi ikafunguka, kijani cha mgomba mchanga na mistari ya njano, akashuka mwenyewe kwenda kutafuta nyenje. Nina miaka minne nae na bado sijachoka kuangalia hii kitu.

Hicho anachofanya kina jina lake kwetu, kuota jua. Mi nimekulia Lushoto, na mwezi wa saba kule asubuhi ukungu umelala mpaka shambani, watu wanaota moto jikoni, na vinyonga kwenye ua wa nyumba yetu walikua wanasubiri. Jua likitoboa tu, unawakuta wamekaa upande wa mashariki wa ua, weusi weusi, ubavu nje. Baada ya muda huwaoni tena, wameingia kivulini. Watoto wengi walikua wanawapiga mawe manake tuliambiwa ni mkosi, mama yangu mpaka leo haamini nalala nyumba moja na kinyonga. Mwanzoni kwenye simu alikua ananiambia mwanangu mtoe huyo mdudu, saivi anauliza "kashaota jua huyo?" kabla hajaniuliza mimi nimekula nini.

Kwa taarifa tu, kuna jenasi nzima ya vinyonga wa milima yetu ya Afrika Mashariki wataalamu waliipa jina Kinyongia mwaka 2006, wamechukua neno letu lilelile. Wale wa Usambara wamo humo. Shaibu yeye sio wa kwetu, ni kinyonga wa Yemeni, wale wenye mwinuko mrefu kichwani ambao mi nauita kilemba, na aliangulwa hapahapa Marekani, hajatolewa porini. Nasisitiza hilo kwa sababu vinyonga wa porini wanateseka sana njiani na biashara yao inadhibitiwa kimataifa, sasa kama unataka kufuga tafuta aliyezaliwa kwa mfugaji.

Sasa nije kwenye joto lenyewe, manake ndo linalonifanya niandike, na nilijifunza kwa njia iliyomuumiza yeye.

Nilipomchukua alikua mdogo kama kidole. Dukani nikauziwa balbu ya wati 100, bakuli la taa la kuweka juu ya kizimba, na kile kipimajoto cha mviringo cha kubandika ukutani. Nikabandika, kinasoma 26, nikaona safi. Tawi la kuotea nikaliweka juu kabisa karibu na wavu, kwa sababu nilidhani kiumbe wa joto anataka joto. Miezi ikapita anakula vizuri anakua. Afu majira ya baridi ya kwanza, januari, nikamuona ana baka jeupe juu ya kilemba na kwenye uti wa mgongo, nikafikiri anajivua ngozi. Baada ya siku tatu likawa jeusi. Daktari wa wanyama akaangalia mara moja tu akasema ameungua. Nilisikia vibaya sana, yani mnyama kaungua taratibu mbele ya macho yangu kila siku na mi namwambia habari za asubuhi. Tulipaka dawa ya vidonda vya moto kwa wiki kadhaa, akapona, ila kovu lipo mpaka leo na kile kipande cha kilemba hakikurudi.

Nilipokuja kununua kipimajoto cha digitali chenye waya nikaweka ncha yake pale mgongo wake unapokaa, ilisoma 43. Ukutani bado 26. Kizimba kimoja, taa moja, namba mbili tofauti kabisa, na ile niliyokua naiamini ilikua inapima mahali ambapo kinyonga hakai.

Kwa hiyo pima pale mgongo ulipo. Sio ukutani, sio kwenye tawi, ni juu ya tawi kwa kimo cha mnyama, kwa sababu joto la balbu linapanda haraka sana ukiisogelea hata sentimita chache. Na hapo kuna kitu sikuambiwa na mtu: kinyonga anakua! Mtoto mgongo wake uko sentimita mbili juu ya tawi, dume zima la Yemeni mgongo umeinuka na kilemba kimeongeza zingine tano, kwahiyo tawi lilelile lililokua sawa mwezi wa tatu linamchoma mwezi wa kumi bila wewe kugusa chochote. Mi saivi kila mwanzo wa mwezi napima upya. Kutoka kwenye balbu mpaka kwenye kilemba naacha kama sentimita 25, na bakuli la taa nimelining'iniza juu ya wavu sio kulilaza juu yake, manake vinyonga wanapanda wavu kichwa chini miguu juu na wanaweza kuungua nyayo palepale chini ya taa.

Utauliza mbona hakuondoka kama anaungua. Na mi nilimuuliza daktari hivohivo. Alichonieleza ni kwamba balbu yenye mwanga mwembamba inapiga kipande kidogo tu cha mgongo wakati mwili uliobaki bado baridi, sasa mnyama anaendelea kukaa kwa sababu bado hajapata moto anaouhitaji ndani, na ngozi ya juu inaendelea kuiva. Jua la Lushoto halifanyi hivo, linamfunika mwili mzima. Kwahiyo ni bora balbu inayotawanya mwanga, au balbu mbili ndogo zimekaa karibu karibu, kuliko moja kali inayochoma kama kioo cha kukuza. Mi nimetoa ile ya 100 nimeweka balbu mbili ndogo za halojeni na dima, kile kitufe cha kupunguza nguvu ya taa, nazungusha mpaka namba ikae ninapotaka.

Namba zenyewe, kwa dume la Yemeni mtu mzima nalenga 29 mpaka 32 kwenye sehemu ya kuotea, huku Marekani wanasema Fahrenheit sasa hiyo 32 ni 90 yao. Watoto wadogo punguza, 27 au 28 inatosha, wanapata joto haraka na wanakauka haraka. Jike pia punguza, kama 27, kwa sababu joto jingi na chakula kingi vinamfanya atengeneze mayai mengi mno hata bila dume, anaweza kutaga zaidi ya 50 kwa mkupuo na inamla mwili wake. Kuna dada wa Mombasa tunayefahamiana hapa anafuga jike, alipopunguza joto na chakula mayai yakapungua na jike likanenepa kidogo. Na kama ni yule wa pembe tatu kama kifaru, wa milima ya Kenya na Mlima Meru, huyo ni mtu wa baridi, 27 ndo mwisho na usiku anataka baridi kweli, ukimpa joto la Myemeni unamuua.

Kingine muhimu kuliko hata namba, lazima awe na pa kukimbilia. Kizimba changu kina urefu wa sentimita 120, juu pembe moja ni 31, katikati kama 24, chini kwenye majani 21. Yeye anajipimia. Nikimuona amepauka rangi, ameachama mdomo, amekaa mbali na taa, najua joto limezidi. Akiwa mweusi mchana mzima hashuki tawini, joto halijamtosha, na hapo hata chakula hakisagiki tumboni. Mimea mingi inasaidia sana hapa, kizimba kitupu kina joto ila hakina kivuli.

Usiku mi nazima kila kitu. Watu wengi wanaogopa hili, wanaweka taa nyekundu usiku kucha wakidhani vinyonga hawaioni, wanaiona, na inawanyima usingizi. Nyumba yangu usiku inashuka mpaka 17 hivi na Shaibu analala fresh kabisa, tena ile baridi ya usiku inampumzisha. Ingeshuka chini ya 12 au 13 ningeweka ile hita ya kauri isiyotoa mwanga, yenye themostati, kile kifaa kinachoizima joto likifika. Mawe ya moto na mikeka ya moto ya kuweka chini sahau, kinyonga joto lake linatoka juu, kwenye jua, hajui kutafuta joto kwenye sakafu.

Balbu zenyewe zimekua ishu kidogo tangu 2023, serikali ya hapa ilizuia kuuza balbu nyingi za zamani zinazokula umeme. Za LED hazisaidii, zinamulika tu, joto lake halifiki mgongoni. Bado za wanyama zipo madukani na mi nina akiba ya nne kabatini, manake balbu inakatika siku ya barafu haswa.

Na taa ya joto sio taa ya UVB, ile mionzi isiyoonekana iliyomo kwenye jua, hizi ni mbili tofauti. UVB ndo inamsaidia kutengeneza vitamini D ili mifupa isilainike, na mwili ukiwa baridi hautengenezi vizuri, kwahiyo ziweke upande mmoja, aote vyote pamoja kama juani. Mimi natumia ile tyubu ndefu, nabadilisha kila mwaka hata kama bado inawaka. Kumuweka dirishani haifai, kioo kinazuia UVB.

Hita ya nyumba nayo inakausha hewa vibaya kipindi hiki. Taa juu na hewa kavu vikikutana, kinyonga anakauka kimyakimya, macho yanadidimia, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake inakua ya machungwa. Nanyunyizia maji usiku baada ya taa kuzima na alfajiri kabla haijawaka, majani yanalowa, analamba, afu taa inakausha.

Kuna kaka mmoja Calgary, Canada, kaniandikia anapata kinyonga wake wa kwanza mwezi ujao. Ndugu yangu, washa taa zote wiki nzima kabla hajafika, weka ncha ya kipimajoto juu ya tawi kwa kimo cha mgongo, nitumie namba ya asubuhi, ya mchana na ya usiku pamoja na picha ya kizimba. Tutarekebisha kabla hajaingia.