Sita, tisa

Jana baba alinisomea nambari ya mita nimnunulie tokeni za stima. Mwanangu alikuwa karibu, akauliza, "Mama, mbona babu akitaja nambari kwenye simu anazivuta hivyo?" Sikumjibu.

Mwaka 2006 nilikuwa namaliza chuo Nairobi. Mradi wetu ulikuwa kuifundisha kompyuta kutambua tarakimu za Kiswahili zinazosemwa kwenye simu. Tulirekodi wanafunzi wenzetu, programu ikazoea, ikawa inapatia. Nikataka baba awe wa kwanza kuijaribu kutoka nje.

Alipiga kwa simu ya mezani, kutoka Changamwe. Nami nimevaa visikizi, macho kwenye skrini. Baba alikuwa karani wa shehena Kilindini, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kusoma nambari za makontena redioni, kreni zikinguruma. Akaanza alivyozoea, kila neno peke yake. "Tisa." Ikatoka 6. Akarudia, akalivuta: "Tiiisa." Ikatoka 6. Akapaza sauti, akalikata: "Ti. Sa." Zikatoka tarakimu mbili. Akanyamaza. Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye kisahani. "Mamangu," akasema taratibu, "labda ni haya meno yangu."

Simu ile ilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, na sehemu kubwa ya mvumo wa s iko juu ya hapo. Ukali wa s na t ukififia, sita na tisa hubaki na i na a zile zile. Lakini wanafunzi nao walipitia simu hiyo hiyo, na mashine ikawaelewa. Tuliifundisha kwa sauti za vijana watupu, wasemao haraka. Ule uangalifu wa baba, uliomfanya aaminiwe bandarini, ndio ulioipoteza.

Hayo sikumwambia. Nilisema, "Laini ni mbovu, baba."

Akanieleza kwamba nambari ya kontena ina tarakimu saba, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, ili aliyesikia vibaya agundue. "Hiyo yenu inajuaje kwamba imekosea?"

Swali nililiandika daftarini. Ripoti tukaiwasilisha, tukapita. Sauti ya mzee hata mmoja hatukuiongeza.

Jumamosi tunashuka Mombasa. Nimemwambia mwanangu amuulize babu mwenyewe, nami nitakaa pale pale nisikilize.