Nambari moja, daftari la mraba na mshumaa

Jana usiku stima zilipotea huku Umoja, nikawasha mshumaa nikachukua daftari la hesabu la mpwa wangu, lile la mraba. Nilikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuihakikisha nambari moja kwa mkono wangu.

Nambari yenyewe ni 147573952589676412927. Ukizidisha 2 kwa yenyewe mpaka ziwe 2 sitini na saba, kisha utoe 1, utaipata. Mwaka 1644 Mersenne, mwanahisabati wa Ufaransa, aliiorodhesha kama nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1876 Lucas, mwanahisabati mwingine wa Ufaransa, akaonyesha si tasa, inagawanyika, lakini hakuweza kusema inagawanywa na nini! Hilo hunishangaza hadi leo: kujua mlango upo bila kuuona.

Oktoba 1903, New York, mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole aliandika ubaoni 193707721 × 761838257287, na jibu lake ni nambari ile ile.

Nami nikazizidisha kwa kalamu. Mistari minane, kwa sababu ile sufuri moja niliiruka. Mstari wa nne nilisahau kubeba 6, nikafuta, nikaanza upya. Mpwa wangu akasogea, akaniambia, "Mjomba, jumlisha tarakimu kwanza." Tukajumlisha tarakimu za zile mbili: 37 na 64, zote zikigawanywa kwa 9 hubaki 1, na 1 × 1 ni 1, kwa hiyo jibu nalo lazima libakishe 1. Tarakimu za jibu letu zilitoa 109, nayo pia hubaki 1. Akapiga makofi.

Kuzidisha kulinichukua karibu saa nzima. Cole alisema kuzitafuta hizo mbili kulimla Jumapili za miaka mitatu. Stima ziliporudi hakuna aliyeinuka kuzima mshumaa.