Nota zinazoanzia kulia

Jana usiku usingizi umegoma kabisa, nikajikuta kwenye simu nasikiliza Wayahudi wa Yemen wakisoma Torati, halafu nikahamia kwa wale wa Ulaya, maneno yale yale, alama zile zile za kuongoza usomaji, ila sauti mbali mbali kama mbingu na ardhi.

Alama zenyewe za kitambo, mabingwa wake walikuwa wataalamu wa Kiyahudi wa mji wa Tiberias, na karne ya 10 zishajaa kwenye miswada. Zinakwambia wapi utulie, wapi uunganishe, neno likazwe wapi. Sie tuliopita chuoni tunaelewa haraka, zinafanana na zile herufi ndogo za kusimama kwenye msahafu, ustadhi wetu ukiziruka bakora inalia mezani. Lakini sauti ipande vipi ishuke vipi, alama haisemi, hiyo unaipokea mdomoni kwa mwalimu wako. Na gombo la sinagogi ndo halina kitu, si irabu si alama, msomaji anaingia nazo kichwani.

Iliyonichekesha ni hii: 1518, mji wa Hagenau, Mkristo mmoja Mjerumani, Johannes Reuchlin, akachapisha sauti hizo kwa nota za Kizungu kwenye kitabu chake cha Kiebrania, na kwa vile Kiebrania kinaanzia kulia, basi na nota nazo kazigeuza zianzie kulia! Tena zimepangwa sauti nne kama kwaya, wakati sinagogini anasoma mtu mmoja.

Wa kwangu mimi ni Idelsohn, mtafiti wa muziki wa Kiyahudi, mzaliwa wa Latvia, alihamia Jerusalem akaanza kuwarekodi Wayahudi wa kila jamii kwa mashine, kisha anakaa anaandika nota. Juzuu ya kwanza ya mkusanyo wake 1914, ya Wayemen hao hao, ya mwisho 1932, jumla 10. Huyu angalau alisikiliza kwanza.

Alama moja lakini imeninyima raha, shalshelet, yaani mnyororo, imechorwa kama radi, Torati nzima ipo mara 4 tu. Mojawapo ni pale Lutu anahimizwa atoke Sodoma naye anasitasita. Msomaji wa Ulaya akifika hapo sauti inapanda, inashuka, inapanda tena, neno moja haliishi, utadhani mtu kashika komeo la mlango hataki kufungua. Nimelirudia weee, adhana ya alfajiri imenikuta na spika bado masikioni.