Upasuaji wa plastiki na upasuaji wa urembo: ninavyovitenganisha

Ukiniuliza kama upasuaji wa kope ni wa tiba au wa urembo, sitakujibu kabla sijajua kama kope zenyewe zinakuzuia kuona. Kope ya juu iliyolegea hadi kufunika sehemu ya mboni hupunguza upeo wa kuona. Daktari wa macho huupima mara mbili: kope ikiwa kama ilivyo, kisha ikiwa imeinuliwa kwa plasta. Tofauti ikiwa kubwa, kuondoa ngozi iliyozidi ni tiba. Kope isiyozuia kitu, ila mwenyewe anataka aonekane kijana, hiyo ni kazi ya urembo. Kisu na uzi ni vilevile. Kwa hiyo siangalii jina la operesheni. Nauliza inarekebisha nini, na anayekata amefunzwa nini.

Upasuaji wa plastiki ni ubingwa mzima: makovu ya moto yaliyokunja viungo, mdomo wazi wa kuzaliwa nao, vidole vilivyokatika, ziwa lililoondolewa kwa saratani. Sura yake ya kisasa ilijengeka katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari mpasuaji Harold Gillies alipokuwa akirudisha nyuso za askari walioumia kwenye hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917. Urembo ni tawi lake: hapo hubadilishwa kiungo kilicho kizima. Tatizo ni kwamba bingwa wa plastiki hujifunza pia urembo, lakini anayejiita daktari wa urembo si lazima awe amepitia mafunzo ya plastiki. Hata Uingereza, urembo hauna orodha yake katika rejista ya madaktari bingwa.

Mafunzo hayo yana maana gani mezani? Chukua ngozi ya kupandikiza. Inapowekwa haina mshipa wa damu uliounganishwa. Kwa takriban saa 48 za mwanzo huishi kwa majimaji ya donda, kisha mishipa huanza kuungana, na kufikia siku ya 5 hadi ya 7 huwa imeshika. Damu ikivilia chini yake, ikisogea, au bakteria wakiingia, inakufa. Ndiyo maana hutobolewa vitundu na kukandamizwa kwa bandeji. Juu ya mfupa uliovuliwa utando wake haishiki kabisa. Hapo huhamishwa ngozi na nyama pamoja na mishipa yake ya damu.

Kanuni hiyohiyo ya damu ndiyo inayoamua usalama wa kukaza tumbo, ambayo mara nyingi ni kazi ya urembo. Ngozi ikivutwa mno, ukingo wa mshono hukosa damu, huwa mweusi na kufa. Mvutaji sigara yuko hatarini zaidi kwa kuwa nikotini hubana mishipa. Aache angalau wiki 4 kabla, na asirudie kidonda kikiwa bado kinapona. Sigara za umeme nazo zimo.

Matiti huchanganya wengi. Kuyapunguza kwa sababu ya maumivu ya mgongo na vidonda vya chini ya ziwa ni tiba. Kuyaongeza ni urembo. Lakini kifuko kilekile cha silikoni, kikiwekwa baada ya saratani, ni ujenzi upya. Pua nayo inaweza kubeba yote mawili kwa siku moja: ukuta wa ndani uliopinda hunyooshwa ili hewa ipite, na umbo la nje huguswa kwa ajili ya sura. Omba gharama zitenganishwe kwa maandishi, maana bima kwa kawaida hukataa sehemu ya urembo.

Kabla ya kusaini, thibitisha ubingwa wa daktari kwenye rejista ya baraza la madaktari, badala ya kuamini cheti cha ukutani. Uliza nani atatoa nusukaputi, na nani atakurudisha chumba cha upasuaji damu ikivilia usiku. Kama ni kunyonya mafuta, uliza kiasi: kuanzia lita 5 huhesabiwa kuwa kikubwa, na mgonjwa alale chini ya uangalizi.

Mwisho, taja keloidi zozote ulizowahi kuwa nazo, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, hasa kifuani, mabegani au kwenye ndewe za masikio. Operesheni ya tiba bado inaweza kufaa, kwa mpango wa kudhibiti kovu. Ya urembo pekee, mimi hushauri iachwe.