Hakusimama Sawa

Jana binti yangu alimwaga siki alipokuwa akitengeneza achari ya maembe, na kabla sijamkemea nilikuwa nimekwisha kurudi katika kile chumba cha giza cha eksrei kule Kisumu, nimeinamia beseni la fiksa, dawa inayonuka siki ya kuimarishia picha, filamu mbichi ikinichuruzikia mkononi.

Yule mvuvi wa Dunga alikuwa ameangukiwa na mashua begani walipokuwa wakiivuta ufuoni, na daktari alitaka picha ya viungo vinavyoshikanisha mitulinga na mfupa wa kidari. Nilimsimamisha akiikabili kaseti ya filamu, kidevu kimeinuliwa, nikalenga mwale wa eksrei usawa wa pingili ya pili na ya tatu ya kifua, nikamwomba atoe pumzi na kuizuia.

Kwenye taa, ncha za mitulinga hazikuwa na umbali sawa kutoka uti wa mgongo. Kanuni niliijua kama sala: umbali usipolingana, mgonjwa amegeuka. Nikarudia. Hazikulingana. Nikarudia tena, safari hii nikimnyoosha mabega kwa mikono yangu mwenyewe, naye akaguna, kisha akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Daktari, mimi nimesimama sawa. Kilichopinda kiko ndani."

Tangu aingie alikuwa akimeza mate kwa shida, nami nilidhani ni woga. Filamu ya tatu niliishika muda mrefu, maji yakidondoka juu ya viatu, na ndipo nilipoziangalia mbavu: zililingana pande zote mbili, kama zilivyolingana katika filamu mbili za kwanza. Ile kanuni yangu huichukulia mifupa kuwa iko mahali pake, na mtulinga uliosukumwa nyuma unaweza kubana koo la hewa, umio na mishipa mikubwa ya damu.

Nilimlaza chali, nikainamisha mashine digrii 40 kuelekea kichwani. Mtulinga wa kulia ukaonekana chini ya mwenzake, kwa maana umezama ndani. Jioni ile alipelekwa kwingine kwa kipimo cha sitiskani (CT scan), na sikumwona tena.

Kabla ya kufunga zamu nilifungua daftari la filamu zilizotupwa. Katika safu ya sababu ilikuwepo mistari miwili ya mwandiko wangu: mgonjwa hakusimama sawa. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni. Nililifunga daftari, nikaenda kupanda matatu.