Bei za dagaa Kibirizi: kuzima huduma moja bila kuua nyingine

Kwa msomaji mgeni: mfumo huu unapokea meseji za bei ya dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na kila asubuhi unawatumia muhtasari wafanyabiashara wachache, wengi wao wa Tabora. Meseji inaingia kupitia kampuni ya kupitisha SMS, inapokelewa na funksheni (programu ndogo inayoamka inapoitwa) iliyoko Google Cloud, yaani kompyuta za kukodi za Google, inapita Pub/Sub, foleni ya ujumbe, inaishia Firestore, hifadhidata. Alfajiri Cloud Scheduler, saa ya kengele ya mfumo, inaamsha funksheni ya pili, na hiyo ndiyo inayotuma.

Mei 2024

Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Nilimpigia mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni, mtumaji wangu mwaminifu kuliko wote.

"Shikamoo mama. Leo sijaona meseji yako."

"Marahaba baba. Nikutumie bei ya nini, na mitumbwi yote iko nchi kavu?"

Basi nikaona ndio wakati wa kufagia akaunti, nizime huduma za Google nisizozihitaji. Niliandika gcloud services list --enabled, amri ya kuorodhesha zilizowashwa, ikashuka orodha ndefu kuliko mradi wenyewe. BigQuery, ya kuchambua data nyingi, na ndugu zake huja zimewashwa tangu siku mradi unapofunguliwa. Nyingine ziliingia kwa mgongo wa funksheni: Cloud Build inajenga kontena, yaani kifurushi cha funksheni na vyote inavyohitaji, na Artifact Registry inalitunza. Hiyo ya pili ndiyo inayonidai hela. Nusu GB ya mwanzo ni bure, zaidi ya hapo ni dola 0.10 kwa GB kwa mwezi. Si hela ya kukukosesha usingizi, ila inaudhi kulipia makontena ya matoleo ya zamani ambayo hayafanyi kazi yoyote.

Juni

Nimefungua mradi wa majaribio, nakala ya huu, na huko ndiko ninakozima kitu kimoja kimoja.

Ukitaka kuzima huduma ambayo nyingine inaitegemea, Google inakataa na kukutajia majina ya zinazoitegemea. Halafu inakuonyesha njia ya --force, yaani kulazimisha. Hapo watu wengi wanaponzwa na haraka. Ukiiweka, haizimi ile moja tu uliyoitaja, inazima na zote zinazoitegemea.

Sawa, lakini hiyo orodha ya majina inajua habari za huduma kwa huduma tu. Kodi yangu, yaani programu niliyoiandika, haimo. Secret Manager, ninakoweka ufunguo wa kampuni ya SMS, haikutajiwa mtegemezi hata mmoja, ikazimika bila neno. Nikatuma meseji ya kujifanya, ikapita. Nikatuma nyingine, nayo ikapita. Asiyekuwa na subira angefunga kompyuta hapo akaenda kulala.

Kilichokuwa kinaendelea ni kwamba funksheni ilikuwa bado iko macho. Ufunguo ilishausoma ilipoamka, ikaushika kwenye kumbukumbu, kwa hiyo haikuwa na haja ya kuuliza tena. Nikaiacha mpaka ikalala yenyewe. Meseji iliyofuata ikaikuta inaanza upya, ikaenda kuomba ufunguo, ikarudishiwa 403, yaani imekataliwa, na sababu yake: SERVICE_DISABLED, huduma imezimwa. Kwenye mradi wa kweli hiyo ingekuwa meseji ya kwanza ya alfajiri, ya yule mama.

Artifact Registry nayo inachelewa kuuma, ila kwa namna nyingine. Funksheni za kizazi cha pili zinakaa juu ya Cloud Run, huduma inayoendesha makontena, na Cloud Run hubeba nakala yake ya kontena wakati wa kupandisha toleo jipya, ikakaa nayo maadamu toleo hilo bado linahudumia. Ukiizima stoo leo, mambo yanaenda tu. Utaijua siku unapotaka kupandisha rekebisho la haraka. Nimeiacha imewashwa, nikaweka sera ya usafi inayobakiza matoleo machache ya mwisho. Bili imeshuka bila kuzima chochote.

Compute Engine, huduma ya kukodi mashine, ilinivutia pia niizime, kwa kuwa sina mashine hata moja. Kumbe funksheni zangu zilikuwa zinatumia utambulisho wa chaguo-msingi unaoishia na -compute@developer.gserviceaccount.com, yaani wa huko huko. Kila funksheni sasa ina utambulisho wake, wenye ruhusa zake chache.

Wakubwa nao yamewakuta. Tarehe 28 Februari 2017, mfanyakazi wa Amazon alikuwa anaondoa seva chache za S3, stoo yao ya mafaili, huko Virginia Kaskazini wakati wa kuchunguza mfumo wa bili. Amri ikaingizwa vibaya, zikaondoka nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Huduma nyingi zikalala, na ukurasa wa kutangaza hali ya huduma nao haukuweza kusasishwa kwa karibu saa mbili, kwa sababu zana ya kuusasisha ilikuwa inaitegemea S3 hiyo hiyo.

Julai

Hapa ndipo penye kazi. Ushauri unaousikia kila mahali ni kuangalia grafu ya matumizi: huduma isiyoitwa kwa muda mrefu, izime. Grafu yangu ya Pub/Sub ni sifuri. Ya Eventarc, inayopeleka ujumbe wa Pub/Sub kwenye funksheni, nayo sifuri. Cloud Scheduler peke yake ndiyo iliyokuwa inaendelea kuamka kila alfajiri na kutuma muhtasari mtupu (nimeisimamisha, wateja walishaanza kunitania).

Ukiifuata grafu hiyo, unaua uti wa mgongo wa mfumo kwa sababu tu ziwa limefungwa. Na hata ziwa likiwa wazi, karibu na mwezi mpevu wavuvi wa taa hupumzika, maana mbalamwezi inaishinda taa na dagaa hawakusanyiki. Grafu ya siku saba iliyoangukia hapo itakudanganya vilevile. Kwa hiyo nimetengeneza faili moja tu: jina la huduma, nani anaiita, na lini kwa kalenda ya mwalo.

Agosti, ziwa limefunguliwa

Meseji zimerudi na zinapita. Zilizozimwa kwenye mradi wa kweli ni BigQuery na ndugu zake, basi. Kinachofuata ni Pub/Sub. Kwa meseji chache hivi, funksheni ya kwanza inaweza kuandika Firestore moja kwa moja. Nitaiondoa kwenye kodi kwanza na kuiacha huduma imewashwa mpaka giza na mbalamwezi vyote vipite, ndipo nijaribu kuizima bila --force. Ikikataa, nitayasoma majina itakayonitajia.